Naelekeza, Naagiza, Natoa Wito

Agosti 1960 wapiga kura wa Tanganyika waliipa TANU viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria. Kiti kimoja kilichoponyoka kilikuwa cha Mbulu, na Mbulu ya siku zile ilikuwa kubwa, Hanang na Babati zikiwa ndani yake. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Watu wakamchagua Herman Elias Sarwatt, mwana-TANU kama mwenzake, ila yeye alisimama kwa nafsi yake bila baraka za makao makuu. Utani uliomo ndani ya jina la aliyeshindwa unajieleza wenyewe: Mbulu ilimkataa Amri.

Ushindi ule ulikuwa na sababu zake za ukoo, za kabila na za siasa za wilaya. Hata hivyo jambo moja halifichiki. Chama kilikuwa kimeelekeza. Wapiga kura walichukulia kwamba wameshauriwa tu.

Kiswahili kina vitenzi tele vya kumwambia mtu afanye nini: kuelekeza, kuongoza, kuagiza, kuamuru, kushauri, kunasihi, kuasa, kuusia, kuonya, kuhimiza, kufunda. Kamusi huvipanga jirani jirani, na mwanafunzi anaweza kuweka kimoja mahali pa kingine kwenye insha asipoteze alama. Kwenye mkutano wa kijiji, Dongobesh au Basotu, mambo si hivyo. Pale kila kitenzi kina mzigo wake, na wasikilizaji huupima kabla msemaji hajakaa chini.

Tatizo ni kwamba wasemaji wengi wameacha kuupima. Atakayefungua gazeti lolote la Kiswahili leo atakuta wananchi watakiwa, waaswa, wahimizwa, wakumbushwa, watahadharishwa. Vichwa vya habari vimezoea kauli ya kutendwa hivi kwamba mtu anaweza kusoma kurasa nzima asijue ni nani aliyetaka, ana mamlaka gani, na asiyetii atafanywa nini. Waziri naye amepata neno lake pendwa: “Naelekeza.” Husema anaelekeza mkurugenzi amalize zahanati ifikapo mwisho wa mwezi, hali kila aliyepo ukumbini anajua kwamba hilo ni agizo, tena lenye makali. Neno limechaguliwa kwa sababu ni laini, kisha likapewa kazi ngumu. Siku mkubwa huyo atakapotaka kweli kuelekeza, yaani kumwonyesha mtu njia, atakuta neno limekwisha kutumika.

Kuelekeza kumetokana na kuelekea. Aliyeelekezwa amegeuzwa uso upande fulani, akaonyeshwa mti, kona, kivuko, na nyumba ya bati jekundu baada ya shule. Asiyeijua njia hawezi kumwelekeza mwenzake, labda ampoteze. Kuongoza kunadai zaidi, kwa maana kiongozi hutangulia. Vijana wa Katesh wanaowapandisha wageni Mlima Hanang wanalijua hilo kwa magoti yao: huwezi kumwongoza mtu kileleni, zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, ukiwa umekaa kwenye mgahawa stendi. Kuagiza ndiko kunakoruhusu kukaa. Mtu huagiza chai, huagiza gari kutoka Japani, humwagiza mtoto chumvi dukani, naye mwenyewe hatoki alipo.

Lugha ina kipimo kingine, na kipo ndani ya sarufi yake. Ongeza -ana mwishoni mwa kitenzi uone kama kinakubali. Watu hushauriana, huonyana, huelekezana, hunasihiana. Hawaamriani. Amri haina njia ya kurudi kwa aliyeitoa, ilhali shauri hutembea pande zote mbili, na ndiyo maana mahakama zilichukua neno hilohilo kuita kesi mashauri. Kiongozi anaposema “nawashauri” kisha akamkemea aliyetoa wazo tofauti, amevunja sarufi kabla hajavunja adabu.

Sheria nayo imechangia kuchafua maji. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Kifungu kimewekwa kwa ajili ya hatari kwa amani na usalama, kina masharti yake, na kimelalamikiwa miaka mingi kwa kutumiwa nje ya hayo. Kwa mwananchi wa Endagikot au Bassodesh, masharti ni mambo ya wanasheria. Anachokijua ni kwamba anayezungumza naye anaweza kumweka ndani. Mtu wa namna hiyo hata akisema “natoa wito” au “nawaomba sana”, sikio la msikilizaji linatafsiri lenyewe. Na kinyume chake ni kweli: kwa kuwa kila kauli inasikika kama agizo, na maagizo ni mengi kuliko uwezo wa mtu kuyatekeleza, watu wamejifunza kupiga makofi na kwenda zao.

Historia ya nchi imewahi kulishuhudia neno likibadilika hadharani. Andiko la Mwalimu Nyerere kuhusu ujamaa vijijini, la Septemba 1967, lilishikilia kwamba watu washawishiwe kwa mfano na kwa maelezo, wasilazimishwe. Mapema 1971 TANU ikatoa waraka ulioitwa Mwongozo, uliowakataza viongozi kiburi na dharau kwa wanaowaongoza. Jina lilistahili kazi yake: waraka uliotangulia mbele ya viongozi wenyewe, na wafanyakazi viwandani wakaushika wakawauliza mameneja maswali. Kisha Novemba 1973 Mwalimu akatangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na mwisho wa kuitekeleza ni 1976. Miaka sita ilitosha kutoka ushawishi hadi amri.

Inawezekana kumlaumu Mwalimu kwa mengi kuhusu Operesheni Vijiji, na wengi wamefanya hivyo. Kwa hili moja anastahili sifa: alipokusudia amri, alisema amri. Hakusema “naelekeza”. Mfugaji wa Kibarabaig aliyeamka na kuambiwa ahame alijua anakabiliana na nini, na wajukuu zake wanajua nani wa kumuuliza.

Mashamba ya ngano ya Basotu hayakuwapa watu hata uwazi huo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa kasi zaidi miaka ya 1970, shirika la umma la NAFCO likisaidiwa na Kanada lilifungua mashamba makubwa kwenye nyanda za Hanang, kwenye udongo bora ambao Wabarabaig walikuwa wakilishia kwa zamu ya misimu. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua. Kitenzi kinachotumika mpaka leo kwa mambo ya aina hii ni cha upole ajabu: kupisha. Wananchi watakiwa kupisha mradi. Kupisha ni jambo la njiani, mzee anapita, kijana anasogea, kisha kila mmoja anaendelea na safari yake. Aliyepisha shamba la ekari maelfu hana njia ya kurudia, na neno la heshima linageuka kuwa la kumnyamazisha, kwa sababu nani anataka kuonekana amekataa kupisha?

Hayo yote yangebaki kuwa mjadala wa wapenda lugha kama isingekuwa asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023.

Mvua kubwa ilikuwa imenyesha juu ya Mlima Hanang. Sehemu ya mlima ikameguka, na tope likashuka na mawe na magogo kwenye mikondo ya maji, likapita Gendabi, likapita Jorodom, likaingia Katesh mjini. Zaidi ya watu 80 walikufa. Wataalamu wa miamba waliotumwa na serikali walieleza kwamba mlima haukulipuka, ingawa kwa asili ni wa volkano. Tabaka la miamba laini lilinyonya maji hadi likashindwa kujishikilia. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatisha safari na kufika Katesh tarehe 7.

Watu walikuwa wameonywa? Inategemea kitenzi. Agosti mwaka ule Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza kwamba msimu wa vuli ungekuwa na mvua za juu ya wastani, El Niño ikichangia, na Manyara ni miongoni mwa mikoa inayopata vuli. Utabiri ulikuwa sahihi. Mamlaka hiyo ina ngazi tatu za maneno kwa hali mbaya ya hewa, nazo zina rangi zake: angalizo la njano, tahadhari ya rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa ya nyekundu. Ni mpangilio mzuri, na kutenganisha maneno hayo kulikuwa kazi ya watu wanaoiheshimu lugha. Lakini yatazameni maneno yenyewe. Angalizo ni la kuangalia. Onyo limetokana na kuona. Tahadhari ni ya kuwa macho. Yote yanahusu macho na moyo. Hakuna hata moja linalohusu miguu.

Mtabiri wa hali ya hewa hana kosa hapo. Kazi yake ni kusema mvua inakuja, wapi na kiasi gani. Hakuna kipimo cha mvua kinachoweza kusema ubavu upi wa mlima utateleza Jumapili asubuhi. Kutoka kwenye angalizo lake hadi kwenye mlango wa nyumba ya Gendabi kuna safari, na safari hiyo ni ya watu wengine. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeunda kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji. Huko chini ndiko kitenzi kinapopaswa kubadilika, kutoka kutahadharisha kwenda kuelekeza: nyumba zilizo kando ya korongo hili zilale kwenye shule ile, zipite njia hii na si ile ya darajani, atakayepiga kengele ni fulani. Katika sehemu nyingi za nchi habadiliki mtu wala neno. Tahadhari ya Dar es Salaam inafika kijijini ikiwa bado tahadhari, imesomwa redioni, imetumwa kwenye kundi la simu, imepita kwa mtendaji wa kata aliyeisambaza kama alivyoipokea. Kila aliyeigusa anaweza kusema kwa ukweli mtupu kwamba wananchi walitahadharishwa.

Ndipo methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu inapotumiwa vibaya. Methali hiyo inadhani mkuu amesema jambo linaloweza kufuatwa. Mtu akiambiwa “chukueni tahadhari” naye ana mbuzi sita, mama mzee na nyumba moja, amechukua tahadhari kwa kulala amevaa viatu. Guu likivunjika, kosa si la masikio.

Baada ya maafa, serikali ilionyesha kwamba inajua kuelekeza ikitaka. Watu walipelekwa shuleni kulala, wakahesabiwa, wakalishwa, na baadaye nyumba zaidi ya 100 zikajengwa Waret, katika eneo la Gidagamowd, mbali na mikondo ya tope. Jeshi na Chama cha Msalaba Mwekundu walishiriki. Maneno ya siku zile yalikuwa na mahali, tarehe na mtu wa kuulizwa. Swali la haki ni kwa nini sarufi hiyo inangoja misiba.

Mbulu ina sababu ya ziada ya kuwa makini. Ni miongoni mwa mahali pachache duniani ambapo mtu anaweza kutembea soko moja akasikia Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi, Kidatoga cha Kiniloti, Kiswahili cha Kibantu, na Kihadzabe ambacho undugu wake na lugha nyingine yoyote haujathibitishwa. Agizo la Kiswahili linapofika kwa bibi wa Kidatoga, mara nyingi limepita kwa mjukuu wake. Mtoto wa darasa la tano hawezi kulaumiwa kwa kutotofautisha “mnashauriwa” na “mnatakiwa”; atatafsiri yote mawili kama “wamesema mfanye”. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei 1955 na inayopokea wagonjwa kutoka Manyara, Singida na kwingineko, inaishi na jambo hilo kila siku. Kiswahili hakisemi mgonjwa ameagizwa dawa; kinasema ameandikiwa. Kuandikiwa ni kazi ya daktari, inakwisha kwa kalamu. Maelekezo huanzia kwenye dirisha la dawa, ambapo 1×3 ya kwenye karatasi inageuzwa kuwa moja asubuhi, moja mchana, moja usiku, ule kwanza. Mfamasia anayemtaka mgonjwa arudie alichosikia, kwa lugha yake, ameelekeza. Anayesukuma pakiti na kuita “anayefuata” ameandika mara ya pili.

Mwalimu bora wa somo hili huenda yuko Bonde la Yaeda, na hana cheo. Ni ndege mdogo wa asali. Akimwona Mhadzabe porini hulia, huruka mti wa mbele, hungoja, hulia tena, mpaka amfikishe kwenye mzinga wa nyuki. Desemba ileile ya 2023, wiki ileile ambayo Rais alikuwa Katesh, watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwenye vilima vya Kidero karibu na Ziwa Eyasi, na kaskazini mwa Msumbiji. Wahadzabe humwita ndege kwa mbinja. Wayao wa Msumbiji humwita kwa mlio wa mtetemo wa ulimi unaomalizikia kooni. Huko Kidero ndege waliitikia mbinja ya Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Wayao. Kule Msumbiji ikawa kinyume. Ndege ni wa aina ileile, asali ni ileile. Kilichotofautiana ni ishara iliyozoeleka mahali pale. Na ndege huyo haagizi wala hatahadharishi. Anaongoza, kwa maana ya asili kabisa: anatangulia, anageuka kuangalia kama unafuata, na asipokuona anarudi.

Wahadzabe wenyewe wamewahi kuambiwa vingine. Katikati ya miaka ya 1960 serikali iliwakusanya Yaeda Chini wakae, walime, wasome, waache porini. Walipewa chakula, wakaonyeshwa majembe, na haikuchukua muda mrefu wengi wakawa wamerudi walikotoka. Hapo pia vitenzi vilikuwa vya upole, kusaidiwa, kuelimishwa, kuendelezwa, na hakuna hata kimoja kilichopewa nafasi ya -ana. Karibu nusu karne baadaye, mwaka 2011, walipata hati ya kimila ya pamoja kwa ardhi yao ya Yaeda, baada ya miaka ya mazungumzo kati yao, vijiji jirani, asasi ya UCRT na halmashauri. Mazungumzo hayo yalichosha, yalichelewesha, yalijaa majirani kubishana mpaka uko wapi. Hati ipo mpaka leo.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya kuchezea maneno, kwamba kiongozi mwenye wilaya nzima mgongoni hana nafasi ya kuchagua kitenzi. Hoja hiyo ina uzito siku ya dharura tu. Siku nyingine zote nafasi ipo, na kanuni inayofaa ni rahisi: kitenzi kimfunge anayesema kabla hakijamfunga anayeambiwa. Anayeamuru awe na sheria mkononi na ataje kifungu. Anayeagiza ajue fedha inatoka wapi. Anayeshauri awe tayari kusikia hapana. Anayeelekeza awe amefika huko anakoelekeza, angalau kwenye ramani. Asiye na lolote kati ya hayo bado ana “natoa wito”, ambalo ni neno halali kabisa kwa mtu asiye na mamlaka, ndiyo maana linashangaza kinywani mwa mkuu wa wilaya.

Wahariri nao wana sehemu yao, na ni ndogo kiasi cha kutekelezeka wiki hii. “Wananchi watakiwa” kiondoke kwenye vichwa vya habari isipokuwa mtakaji ametajwa. Habari ikisema mkuu ameelekeza, mwandishi aulize alielekeza wapi. Kama jibu halina mahali, basi aliagiza, na iandikwe hivyo. Mhariri wa Kiswahili anayekubali neno laini kwa kitendo kigumu anamfanyia mkubwa kazi ya msemaji wake.

Kwa Gendabi, Jorodom na vitongoji vyote vinavyoutazama mlima, kuna jambo la dharura zaidi ya vichwa vya habari. Vuli hurudi kila mwaka. Kabla haijaanza, ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji ubandikwe karatasi moja, kwa Kiswahili, kwa Kiiraqw na kwa Kidatoga, isiyo na neno tahadhari hata mara moja. Iandike majina ya makorongo ambayo nyumba zake zihame usiku wa mvua kubwa. Iandike shule watakayolala, nani ana ufunguo wake, na mbuzi wafungwe wapi. Iandike namba ya simu ya mtu atakayekaa macho, na jina la atakayempokea zamu. Kisha mwenyekiti wa kitongoji aipite njia hiyo kwa miguu na watu wake, mara moja mchana na mara moja usiku, ili ijulikane panapoteleza na panapohitaji kamba.